Nani kashinda Makambako?

"Sasa nani kashinda?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza mhariri baada ya kusoma habari yangu ya aya sita kuhusu fainali ya drafti iliyochezwa Makambako, kati ya kijana aliyetoka Njombe mjini na mzee mmoja wa palepale. Swali la haki kabisa. Habari ya michezo isiyo na mshindi ni kama chai isiyo na majani. Lakini jibu la kweli, na nilikuwa nimeliandika kwenye aya ya nne, ni kwamba hakuna anayejua. Waandaaji hawajui, watazamaji arobaini na kitu waliozunguka ile meza hawajui, na wachezaji wenyewe kila mmoja anajua lake.

Habari ikatupwa. Nafasi yake ikachukuliwa na picha ya mchezaji mmoja wa timu kubwa za Kariakoo akishuka kwenye basi. Akishuka tu, jamani, wala hakuanguka.

Basi nimeamua kuisema hapa, tena kwa urefu, maana naona ndani yake kuna jambo kubwa kuliko drafti.

Kwa wale ambao hamjafika Makambako, huu ni mji wa kusubiri. Nasema hivyo bila dharau. Barabara kuu ya Zambia inapita hapo, na hapohapo inachepuka barabara ya kwenda Njombe mpaka Songea. Reli ya TAZARA, ile ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ina stesheni yake hapo. Kwa hiyo muda wowote ukifika utakuta watu wanasubiri kitu. Dereva wa lori anasubiri spea, mwenye mbao anasubiri mteja, abiria wa Songea anasubiri basi lililoharibika Mafinga, na wale wa treni wanasubiri treni, hao ndio wenye subira kuliko wote. Mahali penye watu wengi wanaosubiri patakuwa na drafti tu. Ubao wa mbao uliochorwa kwa rangi, vizibo vya soda kumi na viwili vimelala kifudifudi na kumi na viwili chali, mabenchi mawili, na midomo isiyochoka.

Njombe ni kama kilometa 60 kutoka hapo, na ni dunia nyingine. Juu, baridi, mtu anavaa kabuti mwezi wa sita na haoni aibu. Drafti ya Njombe inachezwa ndani zaidi, karibu na jiko la mkaa, na wachezaji wake wana sifa ya ukimya. Wa Makambako wanasema Wanjombe wananyamaza kwa sababu midomo imeganda. Wanjombe wanasema wa Makambako wanaongea kwa sababu hawana la kufikiri. Huo ndio ushindani wenyewe, na ndio uliozaa yale mashindano. Wachezaji 16, kiingilio shilingi elfu tano kila mmoja, mtoano, anayeshindwa anatoka. Elfu themanini mezani, mshindi achukue sitini na wa pili ishirini.

Sitawachosha na raundi za mwanzo. Fainali ilianza kama saa tisa alasiri. Upande mmoja mzee wa makamo, mpakiaji wa mbao, mikono kama magome ya mti. Upande wa pili kijana wa miaka kama 24 hivi, amemaliza kidato cha sita, hana ajira, anamsaidia mama yake kuuza viazi. Aliingia, akasema "Shikamoo mzee wangu", mzee akaitika "Marahaba, mwanangu, karibu uumie", watu wakaangua kicheko, na hilo ndilo neno la mwisho la kirafiki lililosikika kwa saa nzima.

Niwaambie wazi, hawa si mabingwa. Ni wachezaji wa vijiweni, wale ambao wenzetu wa chess wangewaita wachezaji wa ngazi ya klabu: wanajua mitego, wanaona hatua tatu nne mbele, kisha ghafla mmoja anafanya kosa ambalo hata mimi nililiona. Na ndiyo raha yake! Mchezo wa mabingwa ni kama kusoma mkataba, hujui kosa liko wapi mpaka uambiwe. Mchezo wa hawa wawili ulikuwa kama mechi ya mtaani, goli linapatikana upande huu, linarudi upande ule. Kijana alitangulia kupata kingi. Mzee akamlisha kete mbili, kijana akala kwa sababu kula ni lazima, akajikuta amefungua mlango, mzee akapita kama maji. Saa moja baadaye ubao ulikuwa na kete nne tu: mzee kingi watatu, kijana kingi mmoja.

Hapa ndipo lilipo suala. Asubuhi waandaaji walitangaza kwamba mwenye kingi watatu dhidi ya mmoja ana hatua 15 za kummaliza mwenzake, akishindwa ni suluhu na mchezo unarudiwa. Kanuni nzuri, maana bila hiyo watu wangefukuzana mpaka treni ije. Mzee akaanza kuwinda. Kijana anakimbia. Watu wanahesabu kwa sauti, lakini wako arobaini na kila mmoja alianza kuhesabu anapotaka. Wengine wanataniana katikati ya hesabu. Konda mmoja alihesabu mpaka tisa, akapata abiria, akaondoka nayo hesabu yake.

Mwishowe mzee akatoa kingi mmoja sadaka, akatoa wa pili, kijana akalazimika kula, na yule wa tatu akamla. Kelele. Mzee akasimama mikono juu: "Ya kumi na nne!" Kijana hakusimama. Akasema polepole, "Mzee wangu, hiyo ni ya kumi na sita."

Ndugu zangu, nimeripoti mikutano ya kampeni yenye utulivu kuliko kilichofuata. Binti mmoja anayemsaidia mama lishe wa jirani, aliyekuwa amesimama nyuma na birika la chai muda wote, akasema yeye alihesabu kwa vidole na ni kumi na tano kamili. Akaambiwa, "Wewe unajua nini drafti, lete chai." Binti akaleta chai. Kwa maoni yangu yeye ndiye pekee aliyekuwa na hesabu, maana ndiye pekee ambaye hakuwa na upande wala hakuwa anaongea. Lakini maoni yangu si ushahidi.

Wakaamua mchezo urudiwe. Kijana akaangalia saa, gari la mwisho la kurudi Njombe lilikuwa linajaza. Akasema hawezi kulala Makambako, hana pa kulala. Waandaaji wakagawa fedha nusu kwa nusu, arobaini arobaini, na mzee akakataa kupokea zake mpaka atangazwe mshindi. Alizipokea baadaye, giza lilipoingia. Kijana nilimfuata mpaka kwenye Coaster. Hakuwa na hasira ya fedha. Alisema tu kwamba baba yake mdogo humwita mzururaji kila akimwona na ubao, na alitaka siku moja arudi nyumbani aseme: nimeshinda.

Sasa twende kwenye hoja.

Ugomvi ule wote ungemalizwa na kalamu ya shilingi mia mbili na karatasi moja. Basi. Kila hatua inaandikwa inapochezwa, na mtu akibisha, karatasi inasomwa. Ndivyo chess, au sataranji kama lugha yetu inavyoiita tangu zamani, inavyofanya. Katika mashindano ya kawaida ya chess chini ya kanuni za FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, mchezaji analazimika kuandika hatua zake na za mwenzake. Hailazimu tu katika michezo ya haraka haraka, au muda wa mtu unapokaribia kuisha. Ubao ukijirudia hali ileile mara tatu unaweza kudai suluhu. Zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa unaweza kudai suluhu. Lakini unadai kwa karatasi. Hupigi meza, huiti mashahidi, huapi kwa jina la marehemu bibi yako.

Na karatasi hiyo haimalizi ugomvi tu. Inafanya kitu kingine ambacho mimi nakiona kikubwa zaidi: inampa mtu wa kawaida kumbukumbu.

Nitoe mfano. Mwaka 1858, katika jumba la opera la Paris, kijana wa Kimarekani wa miaka 21 aitwaye Paul Morphy alicheza chess na waheshimiwa wawili waliokuwa wakishauriana upande mmoja: mtawala aliyekuwa amepinduliwa, Karl wa Brunswick, na Count Isouard. Morphy alikuwa bingwa, sawa. Lakini wale wawili walikuwa nani? Wachezaji wa kijiweni! Wa kijiwe chenye mapazia ya mahameri, lakini kijiweni tu. Hatua ya 9 walisogeza askari mmoja upande wa malkia wakidhani wanamtisha mwenzao, na kuanzia hapo Morphy akaanza kutoa kete zake bure moja baada ya nyingine. Akatoa farasi, akatoa ngome, na hatua ya 16 akatoa malkia. Hatua ya 17 mfalme wao akafungwa na ngome moja na askofu mmoja, vyote vilivyobaki. Hatua 17 tu. Leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, mtoto anayejifunza chess popote duniani anaonyeshwa mchezo huo, na anajua hatua ya 9 ya yule mtawala kuliko anavyojua nchi aliyoitawala. Ni kwa sababu iliandikwa. Kama isingeandikwa, ingekuwa hadithi ya "kuna jamaa mmoja alimpiga jamaa mmoja opera".

Yule mzee wa Makambako alitoa kingi wawili sadaka ili ale wa mwisho. Kwa macho yangu ilikuwa nzuri kama ile ya Paris. Iko wapi? Imekwisha. Imekwenda na konda.

Tena cha kuuma ni kwamba ule ufundi wenyewe una jina na una tarehe, ila kwa wenzetu. Katika drafti ya Kirusi, ambayo nayo kingi wake hutembea mbali kama wetu, kuna somo maarufu linaloitwa pembetatu ya Petrov. Aleksandr Petrov alikuwa mchezaji mkubwa wa chess wa Urusi, na mwaka 1827 alichapisha kitabu kuhusu drafti. Somo ni hili: kingi watatu dhidi ya mmoja, kama yule mmoja hajashika ile njia ndefu ya kona hadi kona, unawapanga watatu wako kama pembetatu, unambana, unatoa sadaka, unamla, na kazi hiyo inawezekana ndani ya hatua 15. Akiwa ameishika njia ndefu, humtoi, ni suluhu. Mkisoma tena maelezo yangu ya fainali mtaona ni kitu kilekile! Mpakiaji wa mbao wa Makambako alilifikia mwenyewe, bila kitabu, kwa miaka ya kukaa benchi. Lakini kila mpakiaji wa mbao atakayekuja baada yake itabidi alifikie upya mwenyewe, kwa miaka yake mwenyewe. Mtoto wa Urusi analisoma mchana mmoja, halafu jioni anaanza pale Petrov alipoishia.

Msije mkanijibu kwamba drafti ni mchezo mwepesi, hauna cha kuandika. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakiongozwa na Jonathan Schaeffer, walitangaza kwamba wameimaliza drafti ya Kiingereza, ile ambayo kingi huenda hatua moja moja: wote wawili wakicheza bila kosa, ni suluhu. Waliianza kazi hiyo mwaka 1989. Miaka 18 ya kompyuta kwa ajili ya ubao wa miraba 32 inayochezewa! Na kompyuta zile zilikuta tayari kuna vitabu vya michezo iliyoandikwa. Ya kwetu, kompyuta ikija leo Makambako, itakuta nini cha kusoma?

Wala msinijibu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Baba Sy alikuwa Msenegali. Alicheza drafti ya ubao mkubwa wa miraba 100 akawatoa jasho mabingwa wa Ulaya na wa Umoja wa Sovieti. Pambano lake la ubingwa na Iser Kuperman miaka ya 60 halikufanyika, Baba Sy akafariki mwaka 1978, na mwaka 1986 shirikisho la dunia likamtambua kuwa bingwa wa mwaka 1963. Fikirini hilo. Mtu amefariki miaka minane, hawezi kujitetea, lakini anapewa haki yake kwa sababu matokeo yake na michezo yake vilikuwa kwenye karatasi. Kijana wetu wa Njombe alikuwa hai, amekaa palepale, na hakuweza kupata haki ya dakika tano zilizopita.

Na bao? Hapo ndipo naumia zaidi. Bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wetu hasa, mchezo aliokuwa akiupenda Mwalimu Nyerere. Una namua, una mtaji, una nyumba, una takasa, lugha nzima ya kitaalamu ambayo hakuna aliyeikopa kwa Mzungu. Zanzibar imekuwa na mafundi wanaoona mbele mizunguko ambayo wewe na mimi tukijaribu tutapata kipandauso. Halafu nani aliyekaa nao akaandika ubingwa wao unafanyaje kazi kichwani? Alexander de Voogt, Mholanzi, kwa shahada yake ya uzamivu iliyochapishwa Leiden mwaka 1995. Namshukuru, simlaumu hata kidogo. Najiuliza tu sisi wenye shahada za hapa nyumbani, tulioupita ubao wa bao kila siku tukienda darasani, tulikuwa tunaandika nini.

Najua baadhi yenu mtasema tunapoteza muda, vijana wafanye kazi. Haya. Mwaka 2016 marehemu Rais Magufuli aliwasema hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi, na viongozi wa mikoa na wilaya hawakuchelewa kushuka nazo amri. Sina tatizo na mtu kusisitiza kazi. Tatizo ni pale kila mwenye ubao anapoitwa mzururaji. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, kifungu cha 176, inamtaja katika kundi hilo mtu anayecheza hadharani kwa fedha mchezo wa kubahatisha. Kubahatisha! Hebu nionyesheni bahati iko wapi kwenye drafti. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, kila kitu kiko mezani na wote wawili wanakiona. Ukishindwa umeshindwa wewe. Kama kuna mchezo wa kubahatisha Tanzania leo ni ule wa kwenye simu, wa mkeka, unaotangazwa redioni asubuhi mpaka usiku na unaolipa kodi, kwa hiyo ni wa heshima.

Lakini nikiwa mkweli, yule baba mdogo wa Njombe ana sababu yake. Anaona kijana anakaa saa nne, anainuka, hakuna kilichobaki. Hakuna matokeo, hakuna cheti, hakuna hata kipande cha karatasi. Kwa macho yake ni sawa na kulala. Sasa mfananisheni na Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Robert Katende alianza kuwafundisha chess watoto wa pale mwaka 2004, na uji ulikuwa sehemu ya mvuto. Phiona aliingia akiwa ameacha shule kwa kukosa ada. Mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Siberia, akiichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chess, na mwaka 2012 huko Istanbul akapata taji la FIDE. Filamu ya mwaka 2016, Lupita Nyong'o akicheza kama mama yake, wengi wenu mmeiona. Katwe haikuwa na fedha kuliko Makambako. Tofauti ni kwamba Phiona aliingia kwenye mchezo ambao kila unachofanya kinaandikwa, kinapewa pointi, kinajulikana. Ukimpiga mtu Kampala, mtu wa Uturuki anaweza kusoma jinsi ulivyompiga. Na yule binti wa birika la chai, aliyehesabu kwa vidole akaambiwa alete chai? Angekuwa na karatasi mkononi, hiyo ndiyo ingekuwa ripoti ya mwamuzi.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini basi tusiache drafti tucheze chess. Chama cha chess Tanzania kipo, na nchi ni mwanachama wa FIDE. Mimi nasema vichezwe vyote, lakini anayedhani watu wa Makambako wataacha vizibo vya soda wanunue farasi na maaskofu hajakaa Makambako. Anza na ulichonacho.

Pingamizi ambalo kweli linanisumbua ni jingine. Nililipata kwa yule mzee mwenyewe, siku nilipopita tena kumwona. Nilipomweleza habari ya kuandika alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, drafti ni mdomo. Nikiandika, nitaongea saa ngapi?" Na ana hoja! Nusu ya ubingwa wake ni maneno. Anakwambia "sogeza hapo uone" kwa namna ambayo hujui kama ni mtego au ukweli. Kwenye chess ya mashindano ukiongea hivyo unaonywa. Ukumbi ule wa kimya, kila mtu na kalamu yake, ungekuwa mzuri kwa Wanjombe na midomo yao iliyoganda, lakini ungeua kitu Makambako ambacho karatasi haiwezi kukirudisha. Nimelifikiria hili sana. Sioni sababu ya wachezaji kuandika wenyewe. Waache waongee, aandike mtu wa tatu. Kila kijiwe kina mtu wa tatu, anayengoja zamu yake. Ampe kazi huyo, itampunguzia pia tabia ya kuelekeza watu wasiomuuliza.

Namna ya kuandika ni rahisi mno, inafundishika kabla chai haijapoa. Ile miraba 32 ya kuchezea unaipa namba, 1 mpaka 32, kutoka kona moja ukisoma kama kitabu. Kete ikitoka 11 kwenda 15 unaandika 11-15. Ikila, badala ya kistari unaweka alama ya mara. Hatua mpya, mstari mpya. Ukifika mstari wa 15 huna haja ya kumuuliza konda. Waingereza na Wamarekani wameandika hivyo kwa vizazi, na hiyo 11-15 yenyewe wameipa hata jina kama mtu anavyompa jina ng'ombe wake.

Sijui kama itashika. Waandishi wenzangu wa michezo nao wana sehemu yao. Msimu wa 2017/18 Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu, tuliandika mpaka rangi ya nyasi za uwanja wa Sabasaba, ikashuka msimu huohuo na kalamu zikashuka nayo, kama vile mkoa mzima hauna tena mtu anayeshindana na mtu. Wanashindana. Wanashindana kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, pembeni mwa barabara ya Zambia.

Nimechora ubao wenye namba, chini yake mistari 60, na nimetoa nakala mia moja stationery moja pale Njombe kwa bei ya shilingi mia kwa karatasi. Hamsini nimemwachia yule kijana. Alizipokea, akazihesabu mara mbili, akauliza kama baba yake mdogo akitaka kusoma ataelewa. Nikamwambia ataelewa, ni namba tu. Hamsini nyingine ziko Makambako kwa mama lishe, chini ya kopo la sukari, pamoja na kalamu mbili nilizozifunga kwa kamba ili zisitembee. Nilitaka kumwachia mzee, akasema mkononi mwake zitaota mbao. Mchezo wao wa marudiano umepangwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, makusudi ili gari la Njombe lisiwe kisingizio. Mzee amekubali kwa sharti moja, kwamba anayeandika akae kimya. Binti wa chai amesema ataandika yeye, na kwamba siku hiyo chai wajimiminie.